Mtani, Nakuhesabia Kuanzia Kumi

Wenye wajibu wa kulia walie. Mimi ni Mzaramo, marehemu alikuwa Mnyantuzu wa Bariadi, na baina yetu kuna utani wa tangu enzi za misafara, wakati watu wa Usukuma na Unyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo mabegani na kupita milangoni kwa babu zangu. Mtani msibani ana kazi zake. Huwachekesha wafiwa, huwaficha wapishi sufuria, na makaburini hushuka shimoni akagoma kutoka mpaka alipwe. Hizo nimeshazimaliza. Imebaki ya maandishi, kwa sababu marehemu alikuwa mwenzetu katika kikundi kidogo cha historia hapa Bariadi, na mtu aliyeandika habari za kila mzee aliyekutana naye hawezi kwenda bila yeye kuandikwa.

Kikundini kila mtu alimwita Mtani, hata Wasukuma wenzake, nami nitamwita hivyo hivyo. Tulimpenda sana. Nalisema mapema lisije likapotea katikati ya utani. Haya, tunashuka.

10. Baiskeli

Phoenix nyeusi, maua ya plastiki kwenye usukani, na nyuma kwenye keria mfuko wa daftari umekazwa kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Mvua ikimkuta njiani alivua koti akafunika daftari, yeye akafika Somanda, hapa hapa Bariadi, amelowa chapachapa. Nikamwambia: Mtani, zizi limejaa ng'ombe mpaka wanakanyagana, umeshindwa kuuza wawili ununue pikipiki? Akanijibu kwamba pikipiki inawapita wazee, baiskeli inasimama. Na kweli, nusu ya habari tulizo nazo alizipata kwa kusimama njiani kusalimia. Salamu ya Kisukuma si ya haraka. Ukianza na mwangaluka, mpaka mmalize kuulizana habari za nyumbani, mvua na mifugo, mzee ameshakaa chini na ameanza kusimulia.

9. Umri wa mkoa

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa Machi 2012, ukamegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikaja kutoka Magu, upande wa Mwanza. Basi mgeni akisikia kuna watu wanaofuatilia historia ya Simiyu hucheka: historia ipi, ya mkoa uliozaliwa juzi? Mtani aliwangoja watu wa namna hiyo kwa hamu kubwa. Alichora chini kwa kijiti wilaya zote tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, halafu juu yake akachora tena nchi za watemi zilizokuwapo kabla: Ntuzu, Dutwa, Kanadi, Itilima, Mwagala, Meatu. Mwisho akakata mstari wa Mto Simiyu ukielekea Ziwa Victoria, akauliza kama na huo nao ulianza 2012.

Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2 katika mkoa huu. Mtani alisema hao wote wana babu, na kila babu ana habari, kwa hiyo tusijidanganye kuwa kazi ni ndogo.

Nami nikampa yake: Mtani, wewe ulizaliwa Jimbo la Ziwa, ukaoa Shinyanga, umefia Simiyu, na hujawahi kuhama hata kiwanja. Alicheka mpaka akashika mti.

8. Minyaa

Hapa ndipo nilipomwona kwa macho yangu kuwa ni bingwa. Tulikuwa tukikatiza shamba la pamba upande wa Dutwa. Katikati ya pamba kulikuwa na minyaa michache imesimama mstari mmoja, haizungushii kitu chochote. Mimi niliiona kama magugu. Mtani alisimamisha baiskeli, akaufuata ule mstari mpaka ulipokata kona, akaufuata tena, akainama akafukua kwa kisigino. Likatoka jiwe la kusagia, limechimbika katikati kwa miaka ya mikono ya wanawake. Akasema: hapa palikuwa na mji wa mtu, mlango ulitazama kule, na zizi lilikuwa pale penye udongo mweusi.

Kabla ya Operesheni Vijiji, ambayo huku watu wengi wanaikumbuka kwa mwaka 1974, Wasukuma waliishi kwa kutawanyika, kila mji umezungushiwa ua wa minyaa. Operesheni ikawakusanya vijijini. Nyumba zilibomolewa, paa zikachukuliwa, mbao zikabebwa. Minyaa hakuna aliyejisumbua nayo, maana utomvu wake ukiingia jichoni utajuta. Ikabaki pale pale, na Mtani aliisoma kama gazeti. Kwa minyaa alirudisha kwenye karatasi miji ambayo haimo katika ramani yoyote, na pembeni ya kila mji akaandika nani alikaa, alihamia wapi, na nani amesema hivyo.

Alifanya hivyo hivyo kwa ngitili, yale malisho ambayo familia au kijiji hufunga msimu wa mvua ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulizifufua ngitili katika eneo lililokuwa linakauka, na mwaka 2002 ulipata Tuzo ya Ikweta ya kimataifa. Watu wengi hulitaja hilo kama habari ya miti. Mtani aliliona kama ushindi wa wazee, kwa sababu waliokumbuka ngitili ilivyofungwa na ilivyofunguliwa ndio waliojua pa kuanzia. Nakubaliana naye moja kwa moja. Kumbukumbu ya wazee imewalisha ng'ombe wa Simiyu, na sijui historia gani nyingine ina faida ya wazi kuliko hiyo.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia kwetu Uzaramo mnazi ndio unaosema hapa alikaa mtu, tena mnazi unakupa na dafu. Akasema mnazi hupandwa hata na mwizi wa kiwanja. Minyaa hupandwa na mwenye mji.

7. Ghuba yenye jina la mgeni

Watu wa Bariadi mjini husahau kwamba mkoa wao una ziwa. Mtani hakusahau. Akienda Busega alikuwa na kisa chake na John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kutoka Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na ghuba nzima ya pale ikabaki na jina lake. "Ameliona mara moja," alisema Mtani, "babu zetu walioga humo kila siku, na hakuna hata jiwe moja lenye jina lao."

Ila hakuwa mtu wa kuwafuta wageni. Kituo cha Nassa, ambacho leo kimo Busega, kilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1888, na mwaka 1909 kikakabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Kutoka hapo ndipo lilipokua kanisa la AIC ambalo Kanda ya Ziwa nzima inalijua. Mtani alikuwa Mkatoliki wa kuimba kwaya, tena besi, lakini habari za Nassa alizifuatilia kwa heshima ambayo iliwashangaza wenyewe. Mkatoliki anayewakumbusha waumini wa AIC mwaka wa kituo chao huyo ni wa kumkaribisha chai haraka kabla hajapanda mimbarini.

6. Michembe

Viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, mfukoni daima. Mzee akigoma kusema, Mtani hakumsukuma, alitoa michembe wakatafuna pamoja. Mtani, sehemu kubwa ya historia ya Ntuzu umeniachia mdomo umejaa.

5. Kuiaga sotoka

Mwaka 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipita katika nchi hizi, na Meatu imo katika safari yake. Alifika wakati sotoka imetoka kufyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na aliyoyaandika juu ya Wamasai waliokuwa wakifa njaa hayasomeki kwa moyo mwepesi. Mtani aliambiwa habari za kitabu cha msafiri huyo akafurahi, halafu akauliza swali ambalo Baumann hakulijibu: baada ya hapo, ng'ombe walirudije?

Kwa Mnyantuzu hilo ndilo swali lenyewe. Kifo cha ng'ombe kinajulikana, lakini nani alimpa nani ndama, nani alilima mtama mpaka akapata mtamba, ukoo gani ulikopesha na ukoo gani haujalipa mpaka leo, hayo ndiyo aliyokwenda kuyauliza. Meatu hakuwauliza Wasukuma peke yao. Alikwenda kwa Wataturu, ambao wana ng'ombe wao na kumbukumbu zao za kugombana na "sisi wafugaji jirani", kama alivyopenda kusema, na alituhimiza tusiwasahau Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, ambao hawakuwa na ng'ombe wa kufa lakini waliona kila kilichopita. Kikundi cha historia kinachouliza kabila moja tu, alisema, hicho ni kikao cha ukoo.

Mwaka 2011 ilitangazwa rasmi kwamba sotoka imetokomezwa duniani. Mtani alipopata habari hiyo alituomba tusimame dakika moja. Tukasimama, kofia mkononi, tukidhani kuna mzee amefariki. Kumbe tunaiaga sotoka. Wanyantuzu, ninyi ndio watu pekee mnaoweza kuupa ugonjwa wa ng'ombe mazishi ya heshima.

4. Mgika asiyeshindika

Kila Msukuma anayejua ngoma atakuambia yuko upande gani, Bagika au Bagalu. Vyama hivyo viwili vinatokana na wachezaji mahasimu wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao kila mmoja alikuwa na dawa zake za kuvuta watu. Kanuni ya mashindano ni nzuri kuliko ya mpira: pande mbili zinacheza siku moja, uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemkimbilia. Hakuna refa wa kulaumiwa. Ndiyo maana utaona watu na nyoka, watu na fisi wa kuchonga, watu na majembe yanayorushwa hewani yakadakwa. Bagoyangi walijulikana kwa nyoka, Banunguli walitoka katika uwindaji wa nungunungu, bugobogobo ni ya wakulima na majembe yao, na wigashe huchezwa watu wamekaa.

Mtani alikuwa Mgika. Katibu wetu ni Mgalu. Vikao vyetu viliteseka.

Mahali walipopatana ni Bujora, pale Kisesa nje ya Mwanza, kwenye Makumbusho ya Wasukuma. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alianza kazi pale miaka ya 1950, na Wasukuma wakampa jina la Fumbuka. Hakukusanya vitu peke yake. Alikuwa na kikundi cha waimbaji na watafiti, Bana Sesilia, waliochukua mahadhi ya Kisukuma wakayaingiza katika nyimbo za kanisa, na kwa miaka mingi vitu vya watemi, ngoma za kifalme, viti, vifaa vya waganga na wahunzi, vikapata mahali pa kukaa. Kuna jengo pale lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Na kila Juni, sikukuu ya Ekaristi inapofika, Bujora huwa na Bulabo, na Bagika na Bagalu wanapambana.

Mtani akifika pale alikwenda moja kwa moja kwenye ngoma za watemi, akatafuta ya nchi zetu, akainama sikio karibu na ngozi kana kwamba itasema. Aliwashukuru sana wale waliozihifadhi. Alitamani pia siku moja Simiyu iwe na nyumba yake ya namna hiyo, hata chumba kimoja chenye bati na kufuli, na nadhani alikuwa na haki ya kutamani. Bulabo ya mwisho tuliyokwenda wote, umati uliwakimbilia Bagalu. Mtani alisema upepo ulikuwa unavuma upande ule.

3. Boksi la stakabadhi

Bati la biskuti, kutu pembeni, ndani stakabadhi za pamba. Karatasi nyembamba, rangi imegeuka ya chai, na chini ya nyingine kuna dole gumba la wino wa zambarau. Mtani alizikusanya kwa wajane na watoto wa wakulima, kwa kubembeleza, karatasi moja moja.

Usukuma ililima pamba ikajenga nayo nguvu. Kabla ya ushirika, mkulima alifika kwa mnunuzi na mzigo wake akapunjwa kwenye mizani akiona. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia mizani. Kutoka hapo vikatokea vyama, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani, muungano uliokuja kuhesabiwa kati ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika vya Waafrika barani. Habari hizo zimo vitabuni. Mtani alizipenda, lakini stakabadhi zilimwonyesha jambo ambalo vitabu vimelipita haraka: majina ni ya wanaume, na pamba ilichumwa na wanawake.

Akaanza upya. Alirudi nyumba kwa nyumba na lile bati, akamwonyesha bibi karatasi yenye jina la marehemu mumewe, akamuuliza: mwaka huo pamba hii alichuma nani? Bibi mmoja alinyamaza kwanza, halafu akataja watu wote waliokuwa shambani msimu ule, mke mwenza wake, binti zake wawili, mtoto mgongoni, na wimbo waliokuwa wanauimba. Mtani akaandika majina yote nyuma ya nakala ya stakabadhi ile. Akafanya hivyo kwa kila karatasi ambayo bado ilikuwa na mtu wa kuikumbuka. Katika mambo yote aliyotuachia, kama ningeambiwa nichague moja la kuokoa nyumba ikiwaka, ningelibeba bati hilo.

Utani hapa sina. Naomba radhi kwa wasomaji waliokuja kucheka.

2. Ugomvi na Hans Cory

Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni Tanganyika, aliandika The Ntemi mwaka 1951 na Sukuma Law and Custom mwaka 1953. Miaka kumi baadaye, 1963, sheria ya Tanganyika huru ikaufuta utemi, na vitabu vya Cory vikabaki kuwa shahidi ambaye kila mtu anamtaja. Yeye mwenyewe alifariki 1962, na karatasi zake zimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mtani alikuwa na nakala ya kurudufu ya Cory, imeshonwa kwa uzi wa gunia, na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Alisoma ukurasa mmoja kwa jioni moja, kalamu mkononi, na pembeni mwa aya nyingi ameandika maneno mawili: nani alikuambia? Akikuta Cory ametaja mzee au nchi, aliweka vema. Akikuta amesema tu kwamba Wasukuma hufanya hivi, aliweka mkwaju. Kwangu mimi hiyo ni heshima kubwa kwa mwandishi, kumsoma hivyo. Alimthamini Cory kwa kuwahi kuwauliza watu ambao sisi hatutawapata tena.

Akapanda basi akaenda mpaka Dar es Salaam kuziona karatasi zenyewe. Alifikia kwa dada yangu Mbagala. Mchana alinakili kwa mkono, jioni akawakalisha majirani wa dada yangu na kuwauliza nani alikuwa wa kwanza kujenga mtaa ule. Waliporudi kutoka kumsindikiza stendi walikuwa wameshaanza kugombania jibu. Mtani, watu wametulia zao Mbagala, wewe umewatilia fitina ya historia ukapanda basi!

1. Nani alikuambia?

Kila tulipoleta habari kikaoni aliuliza hivyo, kwa upole, kalamu ikingoja. Mwanzoni wengine waliona kama anatuhukumu. Kijana mmoja alileta kisa cha Ng'wanamalundi, yule mtu wa maajabu wa Usukuma anayesimuliwa kwamba akinyoosha kidole mti unanyauka. Tukangoja Mtani amkatize. Hakumkatiza. Alimuuliza nani alikuambia, kijana akasema bibi yangu. Na bibi aliambiwa na nani? Kijana hakujua. Mtani akampa kazi ya kwenda kuuliza. Kijana akarudi na jina la babu mmoja, kijiji chake, na kwamba babu huyo alikisimulia kisa hicho usiku wa kuvuna mtama ili watoto wasilale. Mtani akaandika kila kitu: kisa, jina, kijiji, mtama, watoto. Akasema sasa tunajua jambo moja la hakika juu ya Ng'wanamalundi, kwamba jina lake lilitosha kuwaweka watoto macho usiku kucha.

Hakudharau maajabu na hakudharau ushahidi. Alitaka tu kila neno liwe na mwenyewe. Kikundi chetu kilikuwa cha watu wanaopenda hadithi; yeye alitufanya watu ambao mwanafunzi wa chuo au mjukuu wa mtu anaweza kuyafungua madaftari yetu na kumpata babu yake kwa jina.

Sasa deni. Makaburini niligoma kutoka shimoni mpaka nilipwe, kama ilivyo haki yangu. Walianza na kuku. Nikakataa. Wakaja na shilingi elfu kumi, nikakataa. Nikadai fahali, wazee wakapiga kelele, wafiwa wakacheka, na binti yake mkubwa akaja na kile nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo: daftari la mwisho. Ukurasa wa mwisho una orodha ya wazee wa kuonwa. Wengi wamewekewa vema. Baadhi wamewekewa msalaba mdogo na tarehe, hao alichelewa. Watatu hawana alama.

Mmoja wao ni bibi wa Kanadi, na pembeni ya jina lake Mtani ameandika kwamba anazijua nyimbo za kuchumia pamba na anaamka mapema. Jumamosi tunakwenda. Katibu wetu Mgalu ameomba aendeshe ile Phoenix, tumemkubalia. Na lile fahali, Mtani, usidhani limesamehewa. Watoto wako nimewaandikia stakabadhi, na dole gumba wameweka.